Kijiko, Mtoto wa Mwiko

Na mwanafunzi wa Kidato cha III

Katika karatasi ile tuliyoletewa kabla ya kuja shuleni, ile inayotaja vitu vya kuja navyo, mlikuwa na mstari mmoja ambao mama yangu aliusoma kwa sauti mara mbili: sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Godoro na shuka vilimtia mashaka kwa ajili ya bei yake. Jembe na fagio tulikuwa navyo. Lakini kijiko kilimchekesha. "Serikali yataka kijiko," akasema, "kana kwamba mtoto hana mkono." Hata hivyo alikinunua sokoni Matai, tulipokuwa tukingoja gari la kwenda Sumbawanga, nami nikakwaruza herufi mbili za jina langu nyuma ya mpini wake kwa msumari. Sijakipoteza mpaka leo, na wenzangu wa bwenini watakubali kwamba hilo si jambo dogo, maana vijiko vya bwenini hutembea usiku kama panya.

Lakini sikukusudia kuandika habari za vijiko vilivyopotea. Nataka kueleza habari za neno lenyewe, lilikotoka na jamaa zake, kisha nieleze jinsi neno hilo lilivyokaribia kumdhuru mdogo wangu mwaka juzi, kwa kosa langu mimi mwenyewe.

Mabishano yalianza bwaloni siku ya makande. Mwenzetu mmoja aliyezaliwa Tanga alisema kijiko ni jiko dogo, kwa sababu kila mtu ajua kwamba "ki" hupunguza ukubwa wa kitu: mlima na kilima, mtoto na kitoto. Mwingine akamwuliza kama basi makande yale yalipikwa juu ya kijiko. Kelele zikazidi hata mwalimu wa zamu akaja, naye kwa bahati alikuwa ndiye mwalimu wetu wa Kiswahili. Hakutukaripia. Alituuliza tu, akiwa amesimama na kikombe chake cha chai mkononi: "Mkubwa wa kijito ni nani?" Tukajibu, mto. "Wa kijiti?" Mti. "Wa kijiji?" Mji. "Wa kijumba?" Nyumba. "Wa kijiba?" Hapo tulinyamaza kidogo, kisha sauti moja ikatoka nyuma: mwiba. "Basi," akasema, "nendeni mkamtafute mkubwa wa kijiko, naye si jiko." Akaenda zake.

Mkubwa wa kijiko ni mwiko. Mtu akiyaweka maneno hayo pamoja na yale ya mwalimu, mambo yanakuwa wazi kabisa. Shina la neno likiwa fupi mno, kama la mti na mto, au likianza kwa irabu, kama la mwiba na nyumba, ile "ki" peke yake haitoshi kulipunguza. Huongezewa "ji" katikati, kama mtu mfupi apandavyo kigoda ili aonekane. Hivyo mwiba ukazaa kijiba, na mwiko ukazaa kijiko. Na hata sisi tunaosoma gazeti hili tumo katika ukoo huo, kwa kuwa mwana alizaa kijana kwa njia iyo hiyo.

Mwenzetu wa Tanga hakushindwa bure, nami nasema hivi kwa kumtendea haki. Jiko, ambalo wingi wake ni meko, lina sura ile ile ya mwisho, na mtu akitaka kutaja jiko dogo, neno kijiko lingemfaa sana kama lisingekuwa limekwisha twaliwa na kitu kingine. Tena jiko ni neno la zamani sana katika lugha zetu za Kibantu. Huko Afrika ya Kusini Waxhosa huita mahali pa moto iziko, na makumbusho makubwa ya mji wa Cape Town yamepewa jina hilo.

Sasa tazameni meza ya chakula, mwone jinsi ilivyojaa wageni. Meza yenyewe ni neno la Wareno. Sahani imetoka kwa Waarabu, na sufuria vile vile. Katikati ya wageni hao wote kijiko kimekaa kama mwenyeji, naye ana jamaa wengi huko na huko: Wanyarwanda husema ikiyiko, Waganda husema ekijiiko, Wakikuyu husema gĩciko. Mwenyeji mwingine ni uma, maana kuuma ndiyo kazi yake. Wingi wa uma ni nyuma, ingawa sijamsikia mtu hata mmoja akiomba nyuma mbili mezani bila wengine kucheka.

Kwetu Kasesya ni mpakani. Ukivuka kizuizi tu uko Zambia, na mji ulio mbele yako ni Mbala, ambao zamani za Waingereza uliitwa Abercorn, na ambako Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake tarehe 25 Novemba 1918. Katika kijiji chetu fedha hutumika za namna mbili, na maneno vile vile. Mama yangu huuza maharage Mbala, naye husema kwamba upande ule ukiomba kijiko watakutazama tu. Sharti useme supuni. Supuni ni neno la Kiingereza lililovikwa nguo za kwetu, kama Wazulu walivyolivika wakasema isipunu. Lakini kile kikubwa cha kusongea ugali, ambao Wabemba huuita ubwali, wao hukiita umwiko, na hapo sisi na wao twaelewana bila mkalimani. Ndiyo kusema kwamba katika upande ule mama amebaki na jina lake la asili, na mtoto amepewa jina la kigeni.

Jambo lililonipendeza nilipotafuta zaidi katika vitabu vya maktaba yetu ni kwamba hata hilo neno la Waingereza lilitoka porini. Hapo kale, kabla halijawa na maana ya kijiko, lilikuwa na maana ya kibanzi cha mti, kile kipande kirukacho mtu anapochanja kuni. Wafaransa wao hutumia neno lililotokana na Kilatini, ambalo ndani yake mna konokono, maana gamba la konokono au kombe la pwani lilikuwa kijiko kabla ya vijiko. Waarabu wamekiita kwa kazi ya ulimi: jina lake kwao, milaka, limetoka katika kulamba. Mimi nalipenda neno la Waarabu kuliko yote mawili, kwa kuwa linasema kweli juu ya kile ambacho kila mtoto hufanya. Lakini letu nalo lina adabu yake. Sisi hatukukiita kijiko kwa jina la gamba wala la kibanzi, tumekiita kwa jina la chombo cha mpishi. Mwenye kula amepewa kitoto cha kile alicho nacho mwenye kupika.

Kwa habari za miti na vibanzi, si vibaya kukumbusha kwamba sisi wa Kalambo tuna haki ya kusema. Karibu na maporomoko ya mto Kalambo, mto ambao ndio mpaka wetu, wataalamu wa mambo ya kale walianza kuchimba tangu miaka ya 1950, upande wa Zambia. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba magogo mawili yaliyopatikana pale, moja likiwa limechongwa pengo ili likae juu ya lenzake, yana umri usiopungua miaka 476,000. Palipatikana pia vifaa vya mti, kama vile kijiti cha kuchimbulia na kabari. Mwiko haukupatikana. Bibi yangu alipopewa habari hiyo hakushangaa hata kidogo. Alisema walaji wa siku zile bila shaka waliutia motoni ulipovunjika, kama watu wote.

Huyo bibi, mzaa mama, ndiye mwenye mwiko wa nyumbani kwetu. Alizaliwa upande wa pili Mbala ikingali Abercorn, akaolewa upande huu, na Kiswahili chake alikipata sokoni akiwa mtu mzima. Mwiko wake ni wa mti wa mninga, mwekundu, umeliwa upande mmoja na sufuria kwa sababu yeye husonga kwa mkono wa kushoto. Marehemu babu aliuchonga kabla mama yangu hajazaliwa. Hutundikwa ukutani kwa kitanzi cha kamba, na sisi watoto tulipokuwa wadogo tuligombania kuulamba ugali ukiisha pakuliwa. Kuulamba tuliruhusiwa. Kupigana kwao hatukuruhusiwa kabisa, wala kuuchezea nje, wala kuuruka ukiwa chini. Mwiko wenyewe ulikuwa na miiko yake.

Naam, hapo tumefika penye jambo lenyewe, maana mwiko ni neno la mizigo mingi. Kwanza ni hicho chombo cha kusongea na kupakulia. Pili, kwa mwashi, ni kile chuma chenye mpini ambacho kwacho huchota udongo na saruji na kulainisha ukuta, nacho kwa kweli hufanana na cha mpishi, na kazi zao zafanana pia. Tatu, mwiko ni jambo lililokatazwa. Wingi wake ni ule ule, miiko. Watu wazima wanakumbuka miiko ya uongozi iliyofuatana na Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambayo ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, au hisa katika kampuni, au nyumba za kupangisha. Na katika matumizi ya zamani zaidi mwiko ulikwenda pamoja na dawa. Mganga alipompa mgonjwa dawa alimpa na mwiko wake: usile samaki wa namna fulani, usile chumvi mpaka siku fulani. Mgonjwa akashika mwiko akapona, au akavunja mwiko na lawama ikawa yake.

Yote hayo sikuyajua mwaka juzi. Nilikuwa Kidato cha I, nimerudi nyumbani kwa likizo ya Desemba, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko mlango. Mvua zilikuwa zimeanza. Baba, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa amepeleka mahindi Sumbawanga, na mama alikuwa amevuka kwenda Mbala na magunia mawili ya maharage, na kwa ajili ya matope akalala huko. Usiku ule mdogo wangu, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, akashikwa na tumbo la kuhara. Kulipokucha alikuwa amekwenda haja mara saba, na macho yake yalikuwa yamepoteza ule uchokozi tuliouzoea. Bibi akanifunga mtoto mgongoni, mimi mwanamume, mbele ya vijana wenzangu wote, tukaenda zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mtaratibu. Alimvuta mtoto ngozi ya tumbo kwa vidole viwili aone inarudi upesi au polepole, akamtazama mdomo, akauliza kama analia na machozi. Akasema maji yamepungua mwilini lakini si sana. Pakiti za dawa ya kuhara, zile za kuchanganywa na maji, zilikuwa zimekwisha jana yake, na nyingine zilitazamiwa kesho. Akatupa vidonge vya zinki, kimoja kwa siku kwa muda wa siku kumi, kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa niliingia na daftari na kalamu kama karani.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Chukua maji lita moja, yachemshe, yaache yapoe. Tia sukari vijiko sita vya chai, na chumvi nusu kijiko cha chai. Visiwe vya kilima, visawazishe kwa kisu. Onja kabla hujampa. Isizidi chumvi ya machozi. Kuzidisha chumvi hapo ni mwiko. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Akaniambia nirudie, nami nikarudia kwa sauti nzuri, kama mtu asomaye shairi mbele ya wageni: maji lita moja, sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko, kuzidisha ni mwiko. Nje palikuwa na foleni ndefu ya akina mama, na muuguzi hakugundua, wala mimi sikugundua, kwamba maneno mawili yalikuwa yamebaki katika chumba chake. Yalikuwa "vya chai".

Msomaji atasema huo ni uzembe, na kweli ni uzembe. Lakini namwomba afikiri kidogo juu ya nyumba zetu. Sisi hatuna kijiko cha chai kwa sababu hatuna kazi nacho. Chai ya kwetu hupikwa katika sufuria na sukari yake ndani, humiminwa katika vikombe ikiwa imekwisha kolezwa. Kijiko cha chai ni chombo cha mtu mwenye bakuli la sukari mezani, ambaye kila mlaji huulizwa atakunywa na vingapi. Nyumbani tulikuwa na vijiko vitano, vyote vya namna moja, vile vikubwa vya kulia wali siku ya sikukuu. Kwetu kijiko kilikuwa kijiko tu, wala hakikuwa na ukoo wala kabila. Niliposikia "vijiko sita" niliona vile vyetu.

Basi nilichemsha maji, nikayapoza, nikayapima kwa chupa ya lita moja, nikatia vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, na kwa kuwa niliona haya kuonekana mchoyo kwa mgonjwa, nusu yenyewe ilikuwa nusu ya ukarimu. Nikampa mdogo wangu. Alimeza mara mbili, mara ya tatu akatema, akalia, akaniangalia kama mtu aliyesalitiwa. Nikamshika kichwa nimpe tena. Nilikuwa nimesoma, na dawa haiwi tamu.

Hapo Bibi akaingia na kuni. Hakuniuliza neno. Alitwaa kikombe, akamimina tone katika kiganja, akalamba, kama alivyofanya kwa kila mchuzi aliopata kuupika katika maisha yake. Uso wake ukabadilika.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anitavyo, "muuguzi kasema nini juu ya chumvi?"

"Kasema ni mwiko."

Bibi akautazama mwiko wake ukutani. Akanitazama mimi. "Chumvi mwiko mzima?" akauliza polepole. "Yule mama ana watoto kweli?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke, na tangu siku ile jamaa zetu wamecheka sana. Lakini wakati ule niliposikia neno hilo likitoka kinywani mwake likiwa na maana nyingine kabisa, nikaogopa, kwa sababu nilitambua kwamba neno moja laweza kuwa vitu viwili, na mara moja nikakumbuka kile kitu nilichokiacha zahanati. Vijiko vya chai. Nikakumbuka na machozi pia, kwamba nilitakiwa kuonja. Nikaonja. Nilikuwa nikilia wakati huo, kwa hiyo kipimo nilikuwa nacho usoni, na maji yale yaliyapita machozi mbali sana.

Bibi aliyamwaga yote nje, na sukari yote ya nyumba ikiwa ndani yake. Akamchukua mtoto, akanituma kwa jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mume wake ana kazi pale kizuizini. Nilimweleza nikiwa nahema. Bila kuniuliza mengi akanipa kikombe cha sukari na kijiko kidogo chenye ua katika mpini, kijiko ambacho nilikuwa nimekiona mara nyingi katika nyumba yake na kukidhani pambo.

Tulichemsha maji mengine. Nawaambia, wasomaji, hakuna kitu kinachopoa polepole kama maji unayoyangoja na mtoto amelala bila kucheza. Wakati nangoja nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo: nilichota maji baridi kwa kile kijiko cha ua nikamimina katika kijiko chetu cha wali. Kimoja, viwili, vitatu, kikajaa. Baadaye nilisoma kwamba hicho ndicho kipimo kinachotambuliwa na watu wa dawa, kijiko cha chai mililita 5, na kijiko cha chakula mililita 15. Nilikuwa nimemtilia mdogo wangu chumvi mara tatu na zaidi, na sukari mara tatu.

Mwalimu wetu wa Biolojia amenieleza maana ya jambo hilo, na ni vema nilieleze hapa kwa ajili ya wazazi wanaosoma. Sukari na chumvi kwa kipimo chake husaidiana kuvusha maji kutoka utumboni kuingia mwilini, hata wakati mtoto anaharisha. Vikizidi hufanya kinyume: huyavuta maji kutoka mwilini kuingia tumboni, mtoto hukauka zaidi, na chumvi ikipanda sana katika damu aweza kushikwa na kifafa hata kufa. Kwa hiyo dawa ile ile, mikono ile ile, maneno yale yale kasoro mawili. Ndiyo sababu siku hizi zile pakiti hupendelewa kuliko kuchanganya nyumbani, maana vipimo vyake vimekwisha fanywa kiwandani na kilichobaki ni lita moja ya maji.

Nilisoma pia kwamba huko Bangladesh, katika miaka ya 1980, shirika liitwalo BRAC liliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba, katika kaya zaidi ya milioni 12, kuwafundisha akina mama kutengeneza maji hayo. Wale hawakufundisha kwa vijiko. Walifundisha kwa mkono: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu na konzi moja ya sukari guru, na mama alionyeshwa, akafanya mwenyewe, akapimwa kama amejua. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mama yangu na ile karatasi ya shule, aliposema kana kwamba mtoto hana mkono.

Bibi alimnywesha mdogo wangu usiku kucha, kijiko kimoja kimoja, kile cha ua. Akitapika, alingoja kidogo kisha akaanza tena. Mimi niliambiwa nilale, nisilale. Karibu na alfajiri mtoto alikojoa, na Bibi akanishika mkono akanionyesha nguo iliyolowa kana kwamba ananionyesha fedha. Asubuhi mama alifika kutoka Mbala, matope mpaka magotini. Bibi alimweleza yote mbele yangu, bila kupunguza wala kuongeza, nami nilikuwa natazama chini.

Tuliporudi zahanati pakiti zilikuwa zimefika. Nilimwambia muuguzi kweli yote, pamoja na habari ya vijiko. Nilitazamia kugombezwa. Yeye alinyamaza, akasema, "Nami nilikusikia ukirudia, nikakupitisha." Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa kijiko cha plastiki, kimojawapo cha vile vinavyokuja na chupa za dawa ya maji, chenye mstari penye mililita 5, akanipa. Tangu siku hiyo kila mama anayepewa maelekezo pale huonyeshwa kwanza kijiko chenyewe kwa macho. Mama yangu ndiye aliyenipa habari hiyo, sikuiona mwenyewe.

Bibi alikitoboa mpini kile kijiko cha plastiki kwa msumari wa moto, akakitia kamba, akakitundika ukutani kando ya mwiko. Vimekaa hapo pamoja, mmoja mwekundu na mkubwa, mwingine mweupe kama jino. Likizo iliyopita nilimweleza habari za kijito na mto, na kijiba na mwiba, nikamwambia kwamba kijiko ni mwiko mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hilo hata ukuta wake unalijua.

Mdogo wangu sasa ana miaka mitano, na uchokozi wote umerudi. Watu wa barabara huiita ile mashine ya kuchimbua udongo kijiko, naye, kwa kuwa amewaona wakifanya kazi, hana mchezo mwingine. Siku moja kabla sijaondoka kurudi shuleni nilimkuta nje ya nyumba amekishusha kile kijiko cha plastiki, anachimbua mtaro katika mchanga, ananguruma kama injini. Bibi akatokea mlangoni akapiga kelele: "Weka chini hicho! Ni mwiko!"

Mtoto akasimama, akafikiri, akakimbilia ndani. Alirudi ameushika mwiko kwa mikono miwili, akaanza kuchimba upya.